Askari Mwadilifu Asiachwe Peke Yake

Juzi mpwa wangu alinijia jioni, macho mekundu kwa kulia, akaniomba nikazungumze na mchumba wake. Kijana huyo ni konstebo wa polisi, hajatimiza miaka mitatu kazini. Posa yake tumekwisha kuipokea na mahari tumekubaliana.

"Mjomba," akaniambia, "mwambie apokee kama wenzake, ama aiache kazi hiyo. Mimi sitaki kuolewa leo, kesho niwe mjane."

Kosa la kijana ni moja. Alikataa fungu lake la fedha zinazotozwa makondakta wa matatu barabarani, kisha akamwuliza mkubwa wake mbele ya watu fedha hizo huenda wapi. Tangu siku hiyo wenzake hawali naye. Hupangiwa zamu za usiku mfululizo, na ametishwa kwa uhamisho wa mbali. Akipata nafasi ya kumzuru mchumba wake, huwa hana mazungumzo mengine ila hayo.

Nilitaka kumwambia kwamba mvumilivu hula mbivu. Nikajizuia, maana nilimkumbuka Frank Serpico. Huyo alijiunga na polisi wa New York mwaka 1959, akakataa hongo, akawaarifu wakubwa wake kwa miaka bila mafanikio. Mwaka 1970 habari hizo zilipotolewa gazetini, ndipo meya alipounda tume ya uchunguzi. Februari 1971 Serpico alipigwa risasi usoni katika msako wa dawa za kulevya, na amesimulia kwamba wenzake hawakumwitia msaada. Alipona, akatoa ushahidi mbele ya tume, kisha akastaafu na kuhamia Ulaya. Filamu ya 1973 kuhusu maisha yake inamwonyesha mpenzi wake akimwacha, kwa kuchoshwa na nyumba isiyokuwa na furaha.

Je, mwanamke yule alikosa? La hasha! Waliokosa ni wale waliomwachia mtu mmoja mzigo wa jiji zima.

Hapa kwetu hatuna upungufu wa maandishi. Kifungu cha 244 cha Katiba ya 2010 kinaitaka Huduma ya Polisi izuie ufisadi. Sheria ya Hongo ya 2016 inamtoza anayemtisha mfichuaji faini isiyozidi shilingi milioni 1, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Lakini sheria haili na konstebo mezani, wala haimsindikizi katika zamu ya usiku. Mkubwa anayetuhumiwa ndiye huyo huyo anayepanga zamu. Ikiwa kuna haja ya uhamisho, basi na ahamishwe mtuhumiwa, si mlalamishi.

Nasi raia tusijitoe. Mara ngapi nimeketi katika matatu, nikaiona noti ikikunjwa na kupita dirishani, nikanyamaza? Nilichokilalamikia ni kucheleweshwa tu. Noti ile hutoka katika nauli yangu, na kimya changu ndicho kinachomfanya kijana yule aonekane mwendawazimu katika kituo chake.

Basi nilimjibu mpwa wangu hivi: sitamwambia kijana apokee, kwa kuwa atakayepokea barabarani leo atapokea mahakamani kesho, na hatimaye ataleta uongo huo nyumbani kwake. Wala sitakulazimisha umngoje. Nitakwenda kumwona, ayaandike aliyoyaona, tarehe kwa tarehe, nami nitafuatana naye hadi Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, asiingie mlangoni peke yake. Wazee wengine wenye vijana katika kazi hiyo na wafanye vivyo hivyo. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe.

Mpwa wangu hakunijibu. Alijifunga leso yake, akaaga. Siku ya harusi haijatajwa bado.