Aliyetukanwa Apewe Zamu

Tusi ni mtaji mkubwa wa vichekesho vya televisheni. Watunzi wanajua kwamba watazamaji hucheka upesi mhusika mmoja anapomrushia mwenzake neno ambalo mtu mwenye adabu angelimeza. Wazazi wengi hulalamika, na wapo wanaotaka matusi yote yafutwe kwenye vipindi. Makala haya hayaungani nao. Tusi la kuchekesha ni sanaa ya zamani na lina kazi yake katika jamii. Ninalolitetea hapa ni jambo ambalo watunzi wetu wa Afrika Mashariki wamelipuuza mno, nalo ni haki ya anayetukanwa kujibu. Kichekesho cha matusi hunoga, tena huwa halali, pale jibu linapolizidi nguvu tusi lenyewe. Jibu likikosekana, tunachochekea ni uonevu.

Haki hiyo hatuhitaji kuiazima kwa yeyote. Utani wa makabila ya Tanganyika, ambao mtafiti R. E. Moreau aliuandikia katika jarida la Africa mwaka 1944, ulikuwa na masharti makali kuliko watu wanavyoukumbuka leo. Makabila yaliyowahi kupigana vita, kama Wangoni na Wahehe, yaliishia kuwa watani. Mtani aliruhusiwa kumwita mwenzake mlafi, mwoga au mjinga mbele ya kadamnasi, hata matangani. Lakini ruhusa hiyo ilikuwa ya pande mbili. Aliyeitwa mlafi leo alikuwa na uhuru uleule wa kurudisha, na watu wote walimngoja arudishe. Tena mtani alikuwa na wajibu: alisaidia kuzika na kuwafariji wafiwa. Mwanaanthropolojia A. R. Radcliffe-Brown alieleza mwaka 1940 kwamba katika uhusiano wa namna hii ruhusa ya kukejeli huandamana na sharti la kutokasirika. Sharti hilo lingemshinda mtu yeyote kama asingejua kwamba zamu yake ipo. Pwani nako hali haikuwa tofauti. Muyaka bin Haji wa Mombasa na washairi wa Lamu walichomana kwa mashairi, kila upande ukingoja jibu kutoka ng'ambo ya bahari. Na katika miaka ya 1990 wapenzi wa taarab jijini Dar es Salaam walimiminika kumsikiliza Khadija Kopa wa kundi la TOT na Nasma Khamis wa kundi la Muungano kwa sababu walijua kwamba aliyepashwa leo atapasha kesho. Nani angelipa kiingilio kumsikiliza mmoja akimsema mwenzake aliyefungwa mdomo?

Televisheni ya Marekani ilipofika kilele cha sanaa hii katika miaka ya 1970, ilifuata kanuni hiyohiyo. Vijana weusi wa Marekani walikuwa na mchezo wao wa kutupiana maneno, uitwao the dozens, ambao mtaalamu John Dollard aliuchunguza mwaka 1939: wawili wanasimama, watu wanawazunguka, na anayeshindwa kujibu ndiye anayeshindwa. Waigizaji waliokomaa katika majukwaa ya watu weusi waliuingiza uhodari huo katika kipindi cha Sanford and Son, kilichoanza NBC mwaka 1972. Redd Foxx aliigiza Fred Sanford, mzee mfiwa anayefanya biashara ya vyuma chakavu na vikorokoro katika mtaa wa Watts, Los Angeles. Adui yake mkuu ni Esther, dada wa marehemu mkewe, mama wa kanisani mwenye Biblia mkononi na mkoba ambao wakati mwingine hugeuka silaha. Fred humtukana sura yake kila anapoingia mlangoni. Kwenye karatasi hilo ni tusi baya, mwanamume kumcheka mwanamke kwa sura. Lakini LaWanda Page, aliyeigiza Esther, hakuwahi kuondoka na deni. Alimkazia macho, akamtaja kwa majina aliyostahili, akamtishia kwa jina la Mungu, na mara nyingi yeye ndiye aliyeondoka na kicheko kikubwa zaidi. Msomaji wa kwetu anauelewa uhusiano huo bila kufundishwa, maana shemeji katika jamii zetu nyingi ni mtani. Hawa wawili walipigana kwa maneno kama watu wa familia moja, na hapakuwa na dalili kwamba mmoja wao ameonewa.

Mfano ulio wazi zaidi ni The Jeffersons, kipindi cha CBS cha mwaka 1975 hadi 1985. George Jefferson ni mtu mweusi aliyetajirika kwa biashara ya kufua nguo, akahamia ghorofa ya kifahari Manhattan na kuajiri mfanyakazi wa ndani, Florence. Hapa kuna bwana na mtumishi. Bwana ana pesa, ana nyumba, na ana uwezo wa kufukuza. Mtunzi mvivu angemfanya Florence kuwa mtu wa kubeba sinia na kutukanwa. Watunzi wa kipindi hiki walimpa ulimi. Kila George alipojigamba au kumsema kwa uvivu, Florence alimrudishia kwa utulivu, akamgusa pale penye ufupi wake, majivuno yake au ubahili wake, kisha akaendelea na shughuli zake kana kwamba hakusema kitu. Marla Gibbs, aliyemwigiza, aliingia kwa sehemu ndogo tu na mwanzoni hakuacha kazi yake katika shirika la ndege. Watazamaji walimpenda hata akawa nguzo ya kipindi na kuteuliwa mara 5 kuwania tuzo ya Emmy. Tusitafute mbali sababu ya kupendwa kwake. Mamilioni ya watu walioajiriwa, waliofokewa na kunyamaza kwa kuogopa kukosa mkate, walimwona mmoja wao akisema.

Sasa tukabiliane na ushahidi mgumu, kwa sababu hoja hii haiwezi kusimama kwa mifano mizuri peke yake. All in the Family, kipindi cha mtayarishaji Norman Lear kilichoanza CBS Januari 12, 1971, kilikuwa na Archie Bunker, mzungu wa Queens, New York, mwenye neno la dharau kwa kila kabila na kila dini. Lear alikusudia watu wamcheke Archie kwa ujinga wake, na kwa misimu 5 mfululizo kipindi hicho kiliongoza kwa watazamaji nchini Marekani. Lakini mwaka 1974 wanasaikolojia Neil Vidmar na Milton Rokeach walichapisha uchunguzi wao wa watazamaji wa Marekani na Kanada, wakaonyesha kwamba wenye chuki za kibaguzi hawakukiona kipindi hicho kama kejeli. Walimpenda Archie zaidi, wakaona kwamba ndiye mwenye busara na kwamba mwisho wa yote yeye hushinda. Uingereza, ambako Lear alichukua wazo lake, mambo yalikuwa hayohayo. Warren Mitchell, aliyeigiza mbaguzi Alf Garnett katika Till Death Us Do Part ya BBC, alisimulia jinsi watu walivyompongeza kwa kuwasema watu weusi, naye akalazimika kuwaambia kwamba waliokuwa wakisemwa ni wajinga kama wao.

Kwa nini kusudi jema lilipotea njiani? Kwa maoni yangu, ni kwa sababu mara nyingi jibu liliachwa kwa mtazamaji. Archie alitamka upuuzi, watu wakacheka, na ikategemewa kwamba kila mtu nyumbani atajaza mwenyewe lile lililopasa kusemwa. Mwenye chuki hakujaza chochote. Linganisha na sehemu ya Februari 1972 ambapo msanii mweusi Sammy Davis Jr. anaingia nyumbani kwa Archie. Wawili hao wanapigwa picha pamoja, na kamera inapofyatuliwa Sammy anambusu Archie shavuni. Ukumbi mzima ulilipuka. Hilo ni jibu lisilo na neno hata moja, na limetolewa palepale, na yule aliyedharauliwa, mbele ya aliyemdharau. Hakuna awezaye kulitazama akasema Archie ameshinda.

Kuna kisa kingine kinachonilazimisha niongeze sharti la pili. Katika Love Thy Neighbour, kipindi cha ITV ya Uingereza cha mwaka 1972 hadi 1976, Eddie Booth anamtukana jirani yake mweusi, Bill Reynolds, kwa rangi yake, na Bill, aliyeigizwa na Rudolph Walker, humjibu bila woga, na kwa kawaida yeye ndiye mwenye akili zaidi. Zamu ilikuwepo. Hata hivyo watu weusi wa Uingereza wamesimulia mara nyingi jinsi majina hayo yalivyowafuata shuleni na kazini. Majibu ya Bill hayakutoka nje pamoja na matusi ya Eddie. Tusi linalotaja rangi, kabila au kilema ni jepesi kubeba. Mtoto hulitoa sebuleni na kulitupia mwenzake siku ya pili bila kubadilisha herufi. Tusi linalomhusu George Jefferson na ubahili wake halibebeki hivyo, kwa kuwa limeshonwa kwa kipimo cha mtu mmoja na matendo yake. Kwa hiyo mtunzi ajiulize mambo mawili: je, anayetukanwa ana jibu, na je, anatukanwa kwa alilotenda au kwa alivyozaliwa?

Tukiyaleta maswali hayo nyumbani tutakuta ya kujivunia. Katika Vitimbi ya KBC, Mzee Ojwang alipiga kelele zake zote na mkewe, Mama Kayai, hakumwachia hata moja. Benson Wanjau, aliyemwigiza Ojwang na aliyefariki mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu aliyezungumza kwa lafudhi ya Kijaluo, na alipendwa kote Kenya, kwa sababu vituko vya Ojwang vilikuwa vya Ojwang mwenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vijana wa kundi la vichekesho la Redykyulass walimwiga Rais Moi kwenye televisheni ya Kenya, mtu aliyekuwa na kila nyenzo ya kujibu, na nchi ikapumua. Katika Papa Shirandula ya Citizen, Awinja, dada wa kazi, alikuwa na mdomo wake na mapenzi ya watazamaji. Lakini kandokando ya hayo tuna vichekesho vingi ambavyo mtu mnene huingia ili atajwe unene na kutoka, kiziwi huigizwa ili asielewe, na dada wa kazi huitwa majina hadi tangazo la biashara. Nchini Tanzania watu wenye ualbino wamewindwa na kuuawa. Mtunzi anayewageuza kuwa kichekesho mbele ya kamera anawachezea watu ambao jibu lao halina jukwaa.

Wapo watakaosema kicheko ni kicheko tu, na anayechukia azime televisheni. Lakini anayetajwa hawezi kujizima. Atakutana na neno lile kituo cha daladala na ndani ya matatu. Watasema pia kwamba kudai haya ni kuwafungulia mlango wadhibiti, na hofu hiyo naiheshimu, maana serikali zetu zimewahi kuwazima wachekeshaji kwa visingizio dhaifu kuliko hivi. Kenya, baada ya umwagaji damu wa 2007 na 2008, ilitunga Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008, inayogusa hata michezo ya kuigiza yenye maneno ya kuchochea chuki ya kikabila. Sheria ya aina hiyo ina mahali pake, lakini haiwezi kumfundisha mtu kuandika jibu. Kazi hiyo ni ya watunzi wenyewe, na wakiifanya vizuri mdhibiti hatakuwa na la kukata.

Basi watunzi na waigeuze kazi yao: waandike jibu kwanza, kisha watafute tusi linalolistahili. Wasimamizi wa vipindi wasome mswada wakiuliza ni nani amenyamaza na kwa nini. Na waigizaji wakubwa, wale ambao jina lao ndilo huuza kipindi, wamtazame Redd Foxx. LaWanda Page alipoanza kazi hakuwa na uzoefu wa televisheni, na watayarishaji walitaka kumwondoa. Foxx, rafiki yake wa tangu utoto huko St. Louis, alikataa: Page akiondoka, naye angeondoka. Alimpigania mtu ambaye kazi yake ingekuwa kumshinda kwa maneno mbele ya taifa zima. Mchekeshaji maarufu wa Dar es Salaam au Nairobi anao uwezo huohuo. Akipewa mswada ambamo yeye anatukana kurasa 10 na mwenzake anaitikia kwa kichwa, aurudishe mezani na kudai mwenzake aongezewe maneno.