Kompyuta ni Yetu, Ufunguo ni wa Mwingine



Wapo wanaosema mambo ya kompyuta ni ya makarani, hayamhusu mchuma chai wala mtu wa mashine kiwandani. Hatukubaliani nao. Kompyuta za ofisi za chama hununuliwa kwa ada zetu, na humo ndimo yalimo majina ya wanachama na hesabu za fedha zetu.

Kila kompyuta ina programu kuu inayoiendesha. Bila hiyo ni sanduku tu. Tangu IBM ilipotoa kompyuta yake mwaka 1981, nyingi za maofisini zimeendeshwa na programu za kampuni moja ya Marekani, Microsoft. Mwaka 2001 mahakama ya rufaa ya huko ilikataa kuigawa kampuni hiyo vipande viwili, lakini ilikubali kwamba iliwabana washindani wake kinyume cha sheria.

Sasa tazameni. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 bure. Mashine hazikuzimika, ila hazipati tena marekebisho ya kuzuia wezi na virusi. Windows 11 nayo haizikubali rasmi kompyuta nyingi za zamani, hata zikiwa nzima. Shirika lililotaka kubaki na ile ya zamani lilitozwa dola 61 kwa kila kompyuta kwa mwaka wa kwanza, na bei ikapangwa kupanda maradufu kila mwaka. Jembe halijavunjika, lakini aliyeliuza anasema siku zake zimekwisha!

Njia nyingine ipo. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alianzisha Linux, ambayo yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuichunguza na kuibadilisha. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alitoa Linux iitwayo Ubuntu, yaani utu. (Shuttleworth ni tajiri, na makampuni makubwa huwalipa mafundi wa Linux. Hatusemi huo ni ujamaa.)

Kazi ipo. Karani atajifunza upya, na programu nyingine za mishahara hutengenezwa kwa Windows tu. Hizo ziachwe zilipo kwanza. Lakini kabla tawi halijanunua kompyuta mpya, kamati ijaribu Linux katika moja ya zile za zamani, kwa daftari la wanachama na kumbukumbu za mikutano. Fedha zitakazookolewa tunazo kazi zake: nauli za wawakilishi, na wakili wa wenzetu walioachishwa kazi.