Panya wa Katanga na Malaria Yetu

Panya akiingia ghalani unamfukuza. Lakini yupo panya mmoja wa porini aliyetusaidia sana.

Mwaka 1948, huko Katanga, nchini Kongo, wataalamu Vincke na Lips walipima damu ya panya huyo. Wakaona vijidudu vya malaria. Lakini hiyo ni malaria ya panya. Haimshiki mtu. Na malaria yetu haimshiki panya.

Utauliza, panya na mtu wapi na wapi? Vijidudu hivyo ni ndugu. Vyote huletwa na mbu. Vyote huingia kwanza katika ini, kisha katika damu. Tena, nani atakubali mwanawe aambukizwe ili dawa ijaribiwe? Kwa hiyo wataalamu waliwaambukiza panya weupe wanaofugwa kwa kazi hiyo.

Mwaka 1967, huko New York, Marekani, Daktari Ruth Nussenzweig alitoa vijidudu ndani ya mbu. Akavidhoofisha kwa eksirei, akawachoma panya sindano. Kisha akawapa vijidudu vyenye nguvu. Panya waliochanjwa walikingika kuliko wenzao.

Njia ya chanjo ikaonekana. Lakini panya hasemi yote. Chanjo kadhaa zilifaa kwa panya, zikashindwa kwa watu. Kwa hiyo chanjo ya watoto ilijaribiwa kwa watoto wenyewe, hata Bagamoyo na Korogwe. Shirika la Afya Duniani liliikubali mwaka 2021. Haizuii malaria yote. Mtoto aliyechanjwa bado analazwa ndani ya chandarua.