Mtetemeko Hausubiri Mashine

Ipo hoja moja inayonikera, nami naisikia zaidi vinywani mwa waliosoma kuliko vinywani mwa wazee wa kijiji. Hoja yenyewe ni kwamba magonjwa ya ubongo hayawezi kujulikana wala kutibiwa huku kwetu Binza, kwa kuwa hatuna mashine za kuupiga picha ubongo. Mzee akitetemeka mkono, akaanza kuburuta miguu, uso wake ukawa mkavu kama kinyago, huambiwa, "Huo ni uzee, babu. Na kama si uzee, vipimo vyake viko mjini." Nasema hoja hii ni uvivu uliovishwa koti jeupe.

Si haki kuisema mashine bila kueleza kazi yake. Katika miaka ya 1980, Mfaransa Denis Le Bihan na wenzake walibuni namna ya kutumia mashine ya MRI kupima jinsi maji yanavyotembea ndani ya ubongo. Mwaka 1994 Peter Basser na wenzake, huko Marekani, wakaiendeleza hata ikaweza kuonyesha maji hayo yanaelekea upande gani. Sisi wakulima wa pamba hatuhitaji shahada kulielewa jambo hili. Chovya ncha ya uzi wa pamba majini, uone maji yanavyoufuata uzi. Nyuzi za ubongo nazo ni hivyo hivyo: maji hupita kwa urahisi kuzifuata kuliko kuzikata. Nyuzi zikichakaa, maji hukosa njia na kuzagaa.

Kwa wagonjwa wa Parkinson, watafiti wameona maji ya namna hiyo yakiongezeka mwaka hadi mwaka katika sehemu ndogo nyeusi iliyo ndani sana ya ubongo, ambako chembe zinazotengeneza dopamini hufa polepole. Aidha, picha hizo husaidia kuutenga ugonjwa huo na mingine inayofanana nao, ambayo hukimbia kwa kasi zaidi na haisikii sana dawa. Hiyo ni elimu kubwa, wala simdharau aliyeitafuta.

Lakini hata huko zilikojaa mashine, daktari hamtambui mgonjwa wa Parkinson kwa picha hizo peke yake. Humtazama anavyotembea na kugeuka. Humwambia agonganishe kidole gumba na cha shahada upesi upesi, aone kama mwendo unapungua. Humkunja mkono aone kama umekakamaa. James Parkinson, daktari wa London, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1817 kwa habari za watu sita tu, baadhi yao akiwa amekutana nao njiani. Eksirei yenyewe ilikuja kugunduliwa mwaka 1895! Macho ndiyo yaliyotangulia.

Wala tusiende mbali hadi London. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba miongoni mwa watu zaidi ya 160,000, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2008. Waliwapata wagonjwa wa Parkinson 33, wengi wao wakiwa hawajawahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba wana ugonjwa huo. Kilichowafichua ni maswali mlangoni na macho ya daktari. Je, Simiyu hakuna milango?

Nauliza hivyo kwa uchungu, kwa sababu katika nchi ya Wasukuma mzee asiyejulikana anaumwa nini yumo hatarini. Vikongwe wetu wameuawa kwa macho mekundu tu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa samadi jikoni. Basi mfikirie bibi ambaye mkono wake hautulii, hacheki watu wanapocheka, na sauti yake imefifia ikawa kama mnong'ono. Jirani aliyefiwa na mtoto atausoma vipi uso ule? Shangazi yangu alitetemeka miaka mingi, na majirani wakaacha kupokea chakula mkononi mwake. Zahanati ilimpa vidonge vya maumivu. Jina la ugonjwa hakupewa, na pengo hilo likajazwa na minong'ono. Jina moja kutoka kwa tabibu, likitamkwa mbele ya ukoo, lingemlinda kuliko mlango wenye komeo.

Na dawa ipo. Levodopa ilijaribiwa kwa wagonjwa huko Vienna mwaka 1961, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Haiponyi, wala haizuii chembe kufa, lakini humwezesha mtu kuinuka kitini, kufunga vifungo vyake na kushika kijiko. Hata mbegu za upupu, huo unaotuwasha porini, zina levodopa ndani yake. Simshauri mtu akazitafune, maana kipimo chake hakijulikani. Nasema tu kwamba tiba hii si siri ya mbinguni.

Yuko atakayeniambia kwamba nawafungia watu wetu mlango wa sayansi ya juu. La hasha! Mwaka 2023 watafiti wa Nigeria na wenzao wa Uingereza na Marekani walitangaza badiliko katika jeni iitwayo GBA1, linaloongeza hatari ya Parkinson kwa watu wa asili ya Afrika. Halikuonekana mapema kwa kuwa wengi waliokuwa wakichunguzwa walikuwa Wazungu. Kwa hiyo siku picha hizo za maji zitakapotumika kupima dawa mpya za kuuzuia ugonjwa, bongo zetu nazo ziwemo. Lakini nani atamwingiza katika utafiti mgonjwa ambaye hajahesabiwa?

Kwa hiyo nataka mambo yafuate utaratibu wake. Kwanza tabibu wa zahanati afundishwe kuutambua mwendo ule na mkono ule. Pili, kidonge kifike hospitali ya wilaya na kisikatike, maana mgonjwa huyu humeza dawa kila siku. Tatu, mashine ije, nasi tutaipokea kwa ngoma. Anayeanza na la tatu ili asifanye la kwanza asituambie kwamba anangoja sayansi. Anangoja wazee wetu wafe.