Masikio ya Mtoto Mchanga

Katika vijiji vya Kwale vinavyoelekea kisiwa cha Chale, baina ya Diani na Gazi, mtoto azaliwapo katika nyumba ya Kiislamu hupakatwa na baba yake au mzee mwingine, akasomewa adhana katika sikio la kulia na ikama katika la kushoto. Wapo vijana ambao hulitazama jambo hili wakatabasamu, wakidhani kwamba mtoto wa siku hiyo hasikii lolote. Wazee ndio walio karibu zaidi na kweli. Mtoto yule anasikia, tena alikuwa akisikia kwa muda wa miezi mitatu hivi kabla hajauona mwanga.

Chombo cha kusikilia kimo ndani kabisa ya sikio, nacho kimejikunja mfano wa ganda la konokono. Kwa kadiri ya mwezi wa sita wa mimba huanza kazi yake. Hata hivyo, asikiacho mtoto tumboni si maneno kamili. Mtu aliyelala chumbani, na wakubwa wakizungumza upande wa pili wa ukuta wa udongo, aijua hali hiyo: maneno hayashikiki, lakini mwendo wa mazungumzo, kupanda kwake na kushuka kwake, hutambulikana. Ndivyo ilivyo kwa mtoto, ila yeye husikia pia mapigo ya moyo na mngurumo wa tumbo. Sauti ya mama huzipita nyingine zote, kwa kuwa humfikia kwa njia mbili: kwa nje kama za watu wengine, na kwa ndani kupitia mwili na mifupa ya mama mwenyewe.

Mwaka 1980 wataalamu wawili wa Marekani, Mabwana Anthony DeCasper na William Fifer, walitafuta hila ya kumwuliza mtoto asiyeweza kusema. Waliwapa watoto 10, ambao hawajapita siku tatu tangu kuzaliwa, chuchu ya mpira wainyonye, na masikioni wakawawekea visikilizi vidogo. Mtoto akinyonya kwa mwendo fulani alisikia sauti ya mama yake akisoma hadithi. Akibadili mwendo alisikia mwanamke mwingine akisoma hadithi ile ile. Watoto wengi wakageuza unyonyaji wao ili wampate mama. Jambo kama hilo lilipojaribiwa kwa sauti ya baba mwaka 1984, watoto hawakuonyesha kumpendelea baba kuliko mwanamume mgeni, ingawa waliweza kuzitenganisha sauti hizo mbili. Basi akina baba wasione uchungu. Wao huanza kujulishwa siku ile ya adhana.

La ajabu zaidi limo katika kilio. Mwaka 2009 Bibi Kathleen Wermke wa Würzburg na wenzake walieleza kuwa vilio vya watoto wachanga wa Kifaransa mara nyingi hupanda, na vya Kijerumani hushuka, kama zipandavyo na kushuka lugha za mama zao. Baadaye wakawasikiliza watoto wa Wanso wa Kameruni, ambao lugha yao hubadili maana ya neno kwa kupandisha au kushusha sauti. Vilio vya watoto hao vilipanda na kushuka zaidi kuliko vya Wajerumani. Kidigo nacho hutumia kupanda na kushuka kwa sauti namna hiyo, na mtoto wa Chale huanza kuusikia wimbo wake angali tumboni.

Tena masikio hayo hayajachagua kabila. Mzee wa Mombasa atamkapo kaa la moto na kaa wa baharini hutia pumzi katika neno la pili, na watu wengi wa bara husikia neno moja tu. Bibi Janet Werker na Bwana Richard Tees wa Kanada walionyesha mwaka 1984 kwamba watoto wa miezi sita hadi minane, wa nyumba za Kiingereza, waliweza kutenganisha sauti za Kihindi ambazo wazazi wao hawakuzitenganisha. Walipofika mwaka mmoja, wengi walikuwa wameupoteza uwezo huo.

Kwa ajili hiyo miezi ya kwanza ina thamani kubwa, na hapa ndipo penye hatari. Mtoto aliyezaliwa kiziwi hulia kama wengine, hucheka na hata huguguna. Nyumbani humjaribu kwa kupiga makofi nyuma ya kichwa. Mtoto akageuka, wakaridhika. Lakini huenda aliona kivuli, au alihisi upepo wa mikono. Wengi hugunduliwa wakiwa na miaka miwili au mitatu, baada ya watu kusema kwamba ulimi wake mzito tu, utafunguka.

Kipimo cha kweli kipo, nacho hakimwumizi mtoto. Mwaka 1978 Bwana David Kemp wa London aligundua kwamba sikio zima likipelekewa sauti ndogo hurudisha mwangwi wake lenyewe. Chombo kidogo huwekwa tunduni, hata mtoto akiwa usingizini, kikausikiliza mwangwi huo. Kanuni ifuatwayo katika nchi nyingi ni kupimwa kabla ya mwezi mmoja, kuthibitishwa kabla ya miezi mitatu, na kuanza kusaidiwa kabla ya sita.

Wa kuangaliwa kwanza ni mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, aliyeingiwa na umanjano mkali wa macho na ngozi, aliyepata homa ya uti wa mgongo, au aliyetibiwa kwa dawa kama jentamaisini. Dawa hiyo huokoa maisha, wala haifai kukataliwa. Masikio yapimwe baadaye. Mafuta yasitiwe masikioni.

Akionekana kuwa kiziwi, lugha haijamkimbia. Lugha ya Ishara ya Kenya imetajwa katika Katiba ya 2010, na mtoto huweza kuanza kuisoma kwa macho katika umri ule ule ambao wenzake husoma Kidigo kwa masikio, mradi wa nyumbani wajifunze pamoja naye. Siku ya chanjo ya wiki ya 6, mama ampelekapo mtoto kliniki, ni siku nzuri ya kumwuliza muuguzi ni hospitali gani ipimayo masikio.