Mgeni rasmi naye atafute kiti

Siku za sanaa katika vyuo vyetu vikuu zina ugonjwa mmoja unaotibika: jina la siku ni sanaa, lakini saa zake nyingi huliwa na meza kuu. Nasema hivi kwa niaba ya watu wa viti vya nyuma. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya kata mkoani Pwani. Kila nikisikia chuo kimeandaa siku ya namna hiyo, humwomba mkuu wa shule ruhusa, wazazi wakachanga nauli, tukakodi Coaster na kuingia barabarani kabla jua halijachomoza.

Safari ya mwisho tulifika katika chuo kimoja mapema, ratiba ikisema maonyesho yanaanza saa tatu. Saa tatu ikapita, fundi mitambo bado yuko kwenye "moja, mbili, moja, mbili". Mgeni rasmi alikuwa njiani, na kwa ratiba za kwetu njiani ni mahali papana sana. Vijana wa ngoma, waliofunga njuga tangu asubuhi, walichezeshwa sindimba getini kumpokea, wakachezeshwa tena alipokuwa akikagua picha za wachoraji, kisha wakaambiwa wakae pembeni wasubiri. Zikafuata salamu. Kila aliyeshika kipaza sauti alitamka kwamba itifaki imezingatiwa, halafu akaizingatia upya, cheo kwa cheo, jina kwa jina. Adhuhuri ilipoingia, MC alitangaza kwa bashasha kwamba ili kufidia muda, kila kikundi kitapewa dakika kumi. Igizo lililofanyiwa mazoezi muhula mzima, dakika kumi!

Wanafunzi wa sanaa za maonyesho wa chuo kile hawakununa. Walikuwa wameandaa "Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe", tamthilia ya marehemu Edwin Semzaba, aliyekuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa miaka mingi kitabu hicho kimekuwa miongoni mwa vitabu teule vya fasihi kwa kidato cha tatu na cha nne, kwa hiyo wanafunzi wangu walikijua. Walikijua kwa namna ya mtihani: dhamira tano, ujumbe, wasifu wa wahusika, kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Wengi wao hawakuwahi kumwona mtu mzima akisimama mbele yao na kuwa Ngoswe, karani wa sensa aliyetumwa kijijini kuhesabu watu, akamwona Mazoea, binti wa Mzee Mitomingi, akasahau kilichompeleka.

Kwa dakika zile kumi, vijana wa chuo walichagua sehemu ambayo karatasi za sensa zinaishia motoni. Darasani sehemu hiyo huchukua sentensi moja kwenye madaftari: "Mzee Mitomingi alichoma karatasi." Maelezo ya jukwaani yaliyomo kwenye mabano wanafunzi huyaruka, maana mtihani hauyaulizi. Pale jukwaani mzee alishika karatasi kwa mikono miwili, akatulia, akazitazama kama mtu anayejua kusoma kidogo tu. Msichana wangu wa kidato cha tatu, ambaye darasani huzungumza kwa kulazimishwa, alipiga kelele: "Usichome!"

Njiani kurudi gari zima liligawanyika. Kuna waliosema mkosaji ni Ngoswe. Wengine wakasema mzee ndiye mkosaji, kwa kuwa hasira za nyumbani kwake amezimalizia kwenye mali ya taifa. Kijana mmoja akakumbuka sensa ya 2022, iliyohesabu watu 61,741,120, akauliza: zingechomwa karatasi za kijiji kimoja, ni kina nani wangekosekana katika hesabu ile? Mwingine akaona mbali zaidi. Sensa ile ilifanywa kwa vishikwambi, na baadaye vishikwambi hivyo tuligawiwa sisi walimu. "Madam," akaniuliza, "sasa Mitomingi angekichoma hicho chako?" Swali hilo halimo katika kitabu chochote cha mwongozo ninachokijua. Dakika kumi za jukwaa zimelizaa.

Vyuo vyetu vilijua haya zamani. Mwaka 1965 wanafunzi wa Makerere walianza kuzunguka na jukwaa la kusafiri lisilotoza kiingilio. Walipanda basi na kuigiza kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwamo, mbele ya watu ambao hawakuwa na sababu ya kufika Kampala. Nairobi nao wakawa na lao katika miaka ya 1970. Dar es Salaam, ambako ufundishaji wa sanaa za maonyesho ulianza mwaka 1967, wahadhiri kama Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba walikwenda hadi Malya, mkoani Mwanza, na Msoga, huku kwetu Pwani, katika miaka ya 1980. Walikaa na wanakijiji, wakatunga nao michezo kuhusu shida zao wenyewe, na baada ya mchezo wakajadiliana. Mjadala ulikuwa sehemu ya kazi. Leo mchezo ukiisha, MC anadaka kipaza sauti na kutangaza gari lililoziba njia.

Najua majibu ya kamati za maandalizi. Bila mgeni rasmi wafadhili hawaji, na bila hotuba kamera za televisheni hazifunguliwi. Sawa, aje. Lakini akae atazame kwanza, kisha aseme baada ya maonyesho, na aseme juu ya alichokiona. Hotuba ya namna hiyo haiwezi kuandikwa na msaidizi wiki moja kabla, na nina hakika itakuwa fupi. Salamu nyingine zote zingoje chakula cha mchana.

Muda utakaookolewa upewe tamthilia nzima, mwanzo hadi mwisho, na nusu saa ya maswali kati ya waigizaji na watazamaji. Kila mwaka chuo kichague kitabu kimoja cha sekondari ya chini na kimoja cha kidato cha tano na sita. "Nguzo Mama" ya Penina Muhando, "Kwenye Ukingo wa Thim" ya Ebrahim Hussein na "Kivuli Kinaishi" ya Said Ahmed Mohamed ni kazi ambazo wanafunzi wetu wamezichambua wakiwa wamekaa tu kwenye madawati. Barua za mialiko zifike shuleni mapema, na siku yenyewe isisogezwe hadi karibu na mtihani wa kidato cha nne wa Novemba, ambapo hakuna mkuu wa shule atakayetoa ruhusa. Kama fedha inabaki baada ya kulipia mabango, fulana na maji ya chupa ya meza kuu, shule zisizo na wazazi wa kuchanga zipelekewe basi.

Saa iliyoandikwa kwenye ratiba ikifika, pazia lifunguliwe. Mgeni rasmi akichelewa, atatukuta tumeshaanza. Aingie taratibu, atafute kiti.