Nambari Iliyomkosesha Mama Usingizi



Wiki chache zilizopita, baada ya darsa ya akina mama, alinijia dada mmoja wa miaka 38 akiwa na karatasi aliyoikunja mara nne ndani ya mkoba. "Nisomee, dada," akaniambia, "maana nimejisomea mwenyewe, na tangu hapo sijalala." Karatasi ilikuwa na kipimo cha damu kiitwacho CA-125. Jibu lake lilikuwa 148, na kando yake paliandikwa kuwa kiwango cha kawaida hakizidi 35. Aliipokea dirishani pa maabara bila ya mtu kumweleza lolote. Akaiuliza simu yake, nayo ikamjibu: saratani ya ovari. Alipofika kwangu, alikuwa amekwisha kuzigawa bangili zake moyoni, hii ya binti mkubwa, hii ya mdogo. Mumewe hakumwambia.

Nilimuuliza mambo mawili. Je, aliwahi kuambiwa ana endometriosi? Ndiyo, miaka sita sasa. Na siku aliyotolewa damu alikuwa katika hali gani? Akaona haya kidogo, kisha akasema, "Nilikuwa mwezini, siku ya pili."

Basi tuanzie hapo. CA-125 ni protini inayotoka katika seli zilizotanda juu ya viungo vya ndani: mfuko wa uzazi, mirija, utando wa tumbo, hata utando wa mapafu na wa moyo. Daktari Robert Bast na wenzake huko Marekani ndio walioitambua, mwaka wa 1981. Mpaka wa 35 uliwekwa miaka miwili baadaye kwa sababu, katika watu wenye afya waliopimwa, ni kama mmoja tu katika mia aliyeuvuka. Watu wenye afya, nasema. Mpaka huo haukuwekwa kwa kumtazama mwanamke mwenye endometriosi, na kazi kubwa ya kipimo ilikuwa kumfuatilia mgonjwa ambaye saratani yake imekwisha kujulikana, ili ionekane kama dawa inamfaa.

Katika endometriosi, nyama inayofanana na utando wa ndani ya mfuko wa uzazi huota mahali pasipo pake: juu ya ovari, nyuma ya mfuko wa uzazi, pengine hata kwenye utumbo. Kila mwezi huvimba na kuvuja damu, na utando wa tumbo hukereka. Utando ukikereka, protini ile hupanda. Hupanda pia kwa hedhi yenyewe, kwa mimba changa, kwa fibroidi, kwa maambukizo ya nyonga, kwa maradhi ya ini, na kwa kifua kikuu cha tumbo, ambacho kwetu si kigeni. Kwa hiyo nambari hii husema kwamba utando umeguswa. Ni nani aliyeugusa, haisemi.

Huko Uingereza, wanawake zaidi ya 200,000 waliokwisha koma hedhi walishiriki katika uchunguzi wa kutafuta saratani ya ovari mapema, baadhi yao wakipimwa kwa kipimo hiki. Matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha kwamba kupima huko hakukupunguza vifo. Ndiyo maana sipendi kuona kipimo hiki kikiuzwa katika kifurushi cha "uchunguzi wa afya" kwa mwanamke asiye na dalili yoyote.

Kuna na upande wa pili, na huu ndio unaonikasirisha zaidi. Msichana anagaagaa kwa maumivu kila mwezi, anapimwa CA-125, inatoka 20, na nyumbani anaambiwa hana kitu, anadeka. Jibu la chini haliondoi endometriosi. Wala haliondoi saratani: karibu nusu ya saratani za ovari zikiwa changa hazipandishi nambari hii.

Sisemi basi karatasi itupwe. Endometriosi huongeza kidogo hatari ya saratani ya ovari, ingawa wengi mno wa wenye maradhi haya hawataipata. Mwombe daktari akirudie kipimo ukiwa umetahirika, katika maabara ile ile, kwani mashine hutofautiana, hakihitaji kufunga. Muhimu zaidi ni altrasaundi. Kwa binti asiyeolewa hufanywa juu ya tumbo, kibofu kikiwa kimejaa, au hutumiwa MRI. Mwelezeni daktari mapema, na msione haya kuomba mtaalamu wa kike. Lakini aliyekoma hedhi na nambari yake imepanda, au mwanamke yeyote ambaye tumbo limejaa wiki baada ya wiki, anashiba kwa tonge mbili, anakonda bila sababu, huyo asingoje. Aende wiki hii.

Dada yangu yule alirudia kipimo baada ya hedhi, kikatoka 71. Altrasaundi ilionyesha mfuko wa damu iliyoganda katika ovari ya kushoto, wa kadiri ya ndimu, ule ambao madaktari huuita uvimbe wa chokoleti kwa rangi yake. Hapakuonekana dalili ya kutia shaka. Atatazamwa tena baada ya miezi mitatu, na safari hii mumewe anajua. Yeye ndiye atakayempeleka.